Falsafa ya fizikia inafia maabara, siku tunapopika data

Kiwimbi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nasoma fizikia, mwaka wa mwisho. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite tu, hatutagombana.

Ukisema unasoma fizikia na unapenda falsafa, watu wanakuletea paka wa Schrödinger, yule anayesemwa yu hai na amekufa kwa pamoja. Wengine wanauliza kama wakati upo kweli, au kabla ya ulimwengu kulikuwa na nini. Sina ugomvi na maswali hayo, tumekesha nayo mabwenini hadi waliotaka kulala wakatufukuza. Ila kadiri ninavyokaribia kumaliza, naona swali zito zaidi la kifalsafa nililokutana nalo chuoni halikutoka kwenye kwanta, ile fizikia ya vitu vidogo mno. Lilitoka kwenye pendulumu ya mwaka wa kwanza, kile kijiwe cha kwenye uzi ambacho kila mtu anakidharau kwa kuwa alishakiona sekondari.

Kwa waliosahau: unapima urefu wa uzi, unakivuta kijiwe na kukiachia, unapima muda wa kwenda na kurudi, unaingiza kwenye T = 2π√(L/g), unapata g, kile kipimo cha mvuto wa Dunia. Kitabu kinasema 9.8. Wewe umepata 9.47. Sasa nani kakosea?

Sijawahi kumsikia mwanafunzi akisema Newton. Tunalaumu uzi, saa, feni ya darini, au mwenzetu mwenye kidole kizito. Na mara nyingi lawama inaangukia mahali pake. Ukikivuta kijiwe mpaka digrii 30, ile kanuni haikufai tena, maana iliandikwa kwa ajili ya pembe ndogo. Muda wa kweli unauzidi ule wa kanuni kwa asilimia 1.7 hivi, na g yako inashuka hadi hapo hapo kwenye 9.47. Ukipima uzi ukaishia juu ya kijiwe badala ya katikati yake, inashuka tena.

Lakini angalieni mambo yalivyofuatana. Tulimwachia Newton huru kabla hatujakagua chochote. Kipimo kilichokataa kiligongana na kundi zima kwa mpigo: sheria za mwendo, kanuni iliyorahisishwa, rula, saa, mikono yetu, na ile 9.8 yenyewe. Kinachosema ni kwamba kuna hitilafu mahali fulani humo, mmoja wao ana kosa. Jina hakitaji. Pierre Duhem, aliyekuwa mwanafizikia kabla watu hawajaanza kumwita mwanafalsafa, alilieleza jambo hili mwaka 1906. Mimi nililikuta kwenye somo la hiari la falsafa, nikiwa nimekaa na watu wa fasihi na sheria. Maabara hatukulisikia hata siku moja.

Maabara tulifundishana kupika. Anayejua anajua: unaanzia kwenye 9.8, unarudi kinyumenyume hadi kwenye muda, unanyunyizia tofauti kidogo ili namba zisionekane laini kupita kiasi, kisha kwenye mjadala unaandika "makosa ya kibinadamu" na "upinzani wa hewa". Upinzani wa hewa umebebeshwa dhambi nyingi katika ripoti za wanafunzi kuliko kitu kingine chochote kinachojulikana katika fizikia. Ripoti za waliotangulia zinarithiwa kama mashamba.

Sisemi wanaopika ni wavivu. Baadhi yao ni wakali wa hesabu kunizidi. Wiki moja ina maabara, mazoezi, jaribio la kushtukiza na ripoti inayodaiwa Ijumaa, na msahihishaji ana rundo la ripoti na dakika chache kwa kila moja. Jicho lake linakimbilia jibu la mwisho. Aliyepata 9.79 anapita. Aliyepata 9.47 akaandika ukurasa mzima wa kuchunguza kwa nini, anaulizwa mbona yuko mbali. Ukiyaona hayo mara kadhaa unajifunza kitu, na kitu hicho si fizikia.

Linanikera hivi kwa sababu ya Jean Richer. Mwaka 1672 Mfaransa huyu alikuwa Cayenne, karibu na ikweta, kwa kazi ya vipimo vya anga. Alikuwa na saa ya pendulumu iliyokwenda sawasawa Paris. Cayenne ikawa inachelewa dakika mbili na nusu hivi kila siku, akalazimika kuifupisha pendulumu ili iende na wakati. Mchukulieni Richer kama mwanafunzi wa leo. Ana jibu la kitabu kutoka Paris, ana kipimo kinacholikataa, na visingizio vimejaa tele: joto limerefusha chuma, bahari imeitikisa saa. Angeweza kupika na hakuna ambaye angemshika. Alirudi na namba yake, na Newton akaitumia katika kitabu chake Principia cha 1687 kama ushahidi kwamba Dunia si tufe kamili, imevimba kwenye ikweta, na kitu kikiwa huko kinavutwa kwa nguvu pungufu kidogo. Leo tunajua g ni karibu 9.78 ikweta na 9.83 kwenye ncha. Kwa hiyo hata ile 9.81 ambayo watu wanaifukuzia kwa kupika, katika maabara nyingi duniani si jibu sahihi.

Na msidhani dawa ni "amini kipimo siku zote". Uranusi, iliyogunduliwa 1781, ilikuwa haifuati njia iliyopangiwa na sheria za Newton. Urbain Le Verrier hakumgusa Newton. Alisema kuna sayari isiyojulikana inayoivuta, akapiga hesabu ilipo, akaandikia kituo cha Berlin, na usiku wa 23 Septemba 1846 Johann Galle akaiona Neptuni ndani ya digrii moja ya pale alipoelekezwa. Kulinda nadharia na kulaumu kitu kisichoonekana kulilipa.

Le Verrier huyo huyo akageukia sayari ya Zebaki (Utaridi). Mzingo wake unajigeuza polepole, na ukishaondoa mvuto wa sayari nyingine zote kunabaki salio ambalo leo tunasema ni sekunde za pembe 43 kwa karne, yaani haifiki sehemu moja ya themanini ya digrii kwa miaka mia. Akatoa dawa ile ile: kuna sayari karibu na Jua. Ikapewa jina Vulcan kabla haijathibitishwa, wakatokea hata watu walioapa wameiona. Haipo. Le Verrier alikufa 1877, na salio lile lilikuja kuelezwa Novemba 1915 na Einstein. Safari hii mwenye kosa alikuwa Newton.

Mtu mmoja, akili ile ile, mbinu ile ile; mara ya kwanza shujaa, mara ya pili kapotea. Sioni kanuni yoyote ya mantiki ambayo mwaka 1859 ingemwambia kwamba Zebaki si Uranusi. Ndiyo maana nauliza: ninyi mliopita vyuo, nani aliwahi kuwafundisha jinsi ya kuamua wa kulaumiwa?

Sumaku Kavu

Mkuu umeandika vizuri ila unajichosha. Falsafa haijawahi kuwasha hata taa moja. Mwanafizikia Feynman alishamaliza: nyamaza upige hesabu. Hawking naye aliandika 2010 kwamba falsafa imekufa. Mimi nilimaliza fizikia, leo naandika programu za benki, na kilichonibeba ni hesabu. Mwanafunzi ana mtihani, ana ripoti, ana ndugu wanaomuuliza kila likizo fizikia itampa kazi gani. Mwacheni apike apite.

Kiwimbi

Mkuu Sumaku, swali la likizo nalijua, nimeulizwa mpaka na watoto. Ila kauli hiyo unamsingizia Feynman. Aliyeiandika ni David Mermin, 1989, akieleza jinsi anavyouona msimamo wa Copenhagen, yaani tafsiri ya kwanta ya Bohr na wenzake, na hapo hapo akasema yeye hatanyamaza.

Kuhusu taa, tazama ubishi wa Einstein na Bohr. Mwaka 1935 Einstein, Podolsky na Rosen walidai kwanta haijakamilika: chembe mbili zilizoachana lazima kila moja iwe imebeba tabia zake tangu mwanzo. Kwa karibu miaka thelathini wengi waliliona hilo kama porojo za wazee, swali lisilobadilisha namba yoyote. Mwaka 1964 John Bell akaonyesha linabadilisha. Katika umbo lililoandikwa upya 1969, unapima jozi za chembe kwa pembe tofauti na kujumlisha namna majibu yanavyolingana. Anayeamini kuna tabia za tangu mwanzo, na kwamba cha huku hakiwezi kugusa cha kule papo hapo, hawezi kuvuka 2. Kwanta inaruhusu hadi 2.83. Freedman na Clauser walifanya kipimo cha aina hiyo 1972, Aspect na wenzake 1982, na kikomo cha Bell kikavunjwa. Nobel ya 2022 ilikwenda kwa Aspect, Clauser na Zeilinger.

Kuna njia za kusimba siri zilizojengwa juu ya ubishi huo. Siku benki yenu ikizinunua utaniambia zinawasha taa au haziwashi.

Rula ya Mbao

Vijana, mimi nimefundisha maabara hizo hadi nikastaafu, kwa hiyo nivumilieni.

Kiwimbi mwanangu, unamwonea msahihishaji kidogo, na pendulumu unaionea zaidi. Ukipima urefu mmoja tu, umejinyima mwenyewe njia ya kumjua mkosaji. Pima urefu tofauti tofauti, uchore mraba wa T dhidi ya L. Kama kosa lako ni kutofika katikati ya kijiwe, mteremko wa mstari unabaki ule ule, mstari unahama tu na kukataa kupita kwenye sifuri. Unatoa g kwenye mteremko, na pale mstari unapokata mhimili panakuambia umekosa sentimita ngapi. Halafu chukua urefu mmoja ukirudie kwa digrii 5, 10, 20, 30 uone muda unavyopanda. Huyo Duhem nami nimemsoma. Jaribio moja peke yake kweli halitaji jina, ila hakuna anayefanya fizikia kwa jaribio moja.

Na wapishi tulikuwa tunawajua. Anayebonyeza saa kwa kidole hutawanya vipimo vyake kwa kama sehemu ya kumi ya sekunde. Kijana analeta jedwali ambalo halitawanyiki hata sehemu ya mia, na nukta zake zote zimelala juu ya mstari, anadhani amenifurahisha. Tatizo letu lilikuwa kwamba fomu ya alama haikuwa na mahali pa kuandika "huyu amepika". Ilikuwa na mahali pa jibu.

Kiwimbi

Shikamoo mwalimu. Hiyo ya mteremko naikubali kwa mikono miwili, na laiti tungefundishwa hivyo badala ya kupewa karatasi yenye nafasi za kujaza.

Ila nina pingamizi moja. Grafu inawakamata watuhumiwa ambao majina yao umeshayaandika. Wa kosa la urefu yumo, wa pembe yumo. Mstari wako ukinipa 9.78 iliyonyooka kabisa, hautaniambia kwamba ni kwa sababu niko karibu na ikweta. Mtu alilazimika kuliwaza wazo la Dunia iliyovimba kwanza, na wazo hilo halimo kwenye mhimili wowote.

Rula ya Mbao

Marahaba. Hapo umesema kweli, na ndiyo maana tunafundisha pia mambo mengine zaidi ya grafu. Lakini 9.78 hiyo ya kuliwazia lazima kwanza iwepo kwenye daftari.

Mzizi wa Mbili

Mbona mnazunguka? Mwanafalsafa Karl Popper alishajibu. Nadharia ikitabiri kitu na kipimo kikakataa, nadharia inatupwa. Sayansi ni hiyo, mengine ni ushirikina.

Integali

Kaka Mzizi, kwa mwendo huo tungemtupa Einstein mwaka 2011 kwa sababu ya kebo. Popper mwenyewe hakuwa mwepesi hivyo.

Mimi nafanya utafiti wa chembe, na kisa hiki huwasimulia wote wanaoanza. Jaribio la OPERA lilipokea nutrino, chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu, zilizotoka CERN, maabara ya chembe karibu na Geneva, umbali wa kilomita 730 hivi kupitia ardhini hadi Gran Sasso, Italia. Septemba 2011 wakatangaza kwamba zinafika nanosekunde 60 kabla ya muda ambao mwanga ungetumia. Walikuwa wamekagua kwa miezi. Hawakupika, hawakuificha. Waliiweka hadharani na kuomba wengine waichunguze.

Wengi hawakuamini, na haikuwa ushabiki wa Einstein tu. Mwaka 1987 ilionekana nyota iliyolipuka umbali wa miaka ya mwanga kama 168,000, na nutrino zake zilitufikia saa chache tu kabla ya mwanga, jambo linaloelezeka kwa sababu mwanga huchelewa kutoka ndani ya mlipuko. Kwa kasi ya OPERA zingewahi kwa miaka kama minne. Haikuwa hoja ya kufunga mjadala, maana nutrino za nyota ile zilikuwa na nishati ndogo sana kulinganisha na za CERN, na wananadharia walipenya hapo hapo kwenye mwanya na rundo la makala. Ila ilitosha kukwambia pa kuanzia kutafuta: anza na vifaa.

Mwaka 2012 wakamtangaza mkosaji: kiunganishi cha kebo ya nyuzi za mwanga, kinacholeta wakati kutoka GPS, kilikuwa hakijakazwa vizuri. Kulikuwa na kosa jingine kwenye saa, lililovuta upande wa pili. Msemaji wa jaribio akajiuzulu, watu wakacheka sana. Mimi sicheki. Hivyo ndivyo ripoti ya 9.47 inavyoandikwa na watu wazima.

Mzizi wa Mbili

Dada Integali, basi nifahamishe. Kama nadharia haitupwi kipimo kinapokataa, inatupwa lini? Maana mkiendelea hivi kila nadharia itapata kebo yake ya kulaumu.

Integali

Hilo ndilo swali lenyewe kaka, na hakuna tarehe. Ninachokiangalia mimi ni kama kisingizio kinaweza kukaguliwa peke yake, bila kutegemea kile kinachokitetea. Kebo unaishika mkononi. Neptuni unaielekezea darubini. Kisingizio kisichokaguliwa kwa njia nyingine yoyote zaidi ya kuokoa nadharia, huyo namtilia shaka hata akiwa na jina zuri.

Sumaku Kavu

Sawa, mmenivuta. Sasa leo hii Vulcan wetu ni nani?

Kiwimbi

Mkuu, mtuhumiwa wa kwanza ni maada giza. Mwaka 1933 Fritz Zwicky alipima kasi za galaksi kwenye kundi la Coma, akaona zinakimbia kuliko maada inayoonekana inavyoweza kuzishikilia. Miaka ya 1970 Vera Rubin na Kent Ford wakaikuta hali kama hiyo ndani ya galaksi moja moja: nyota za pembeni hazipunguzi kasi kama sayari za mbali zinavyofanya kwenye mfumo wa Jua. Ama kuna maada tusiyoiona, na hapo tuko kwenye Neptuni, ama sheria ya mvutano inabadilika pale ambapo mchapuko ni mdogo mno, kama Mordehai Milgrom alivyopendekeza 1983, na hapo tuko kwenye Zebaki.

Mimi naegemea Neptuni, kwa hoja ya mwalimu Rula ikiwa imekuzwa. Ushahidi hautoki kwenye aina moja ya kipimo. Kuna mikondo ya kasi ya galaksi (grafu za kasi kadiri unavyotoka katikati), kuna mwanga unavyopindishwa na makundi ya galaksi, kuna mabaki ya joto la mlipuko mkuu, na kuna yale makundi mawili yaliyogongana, ambako vipimo vya 2006 vilionyesha mvuto mwingi umekaa pembeni, na gesi, ambayo ndiyo maada nyingi inayoonekana pale, imebaki katikati. Milgrom anafanya vizuri ajabu ndani ya galaksi moja, vizuri kiasi cha kunisumbua, ila akitoka nje anahangaika. Kwa upande wa pili, kwa kipimo cha dada Integali sisi tulioko Neptuni tuna deni: vifaa vimezikwa chini ya milima miaka na miaka kuitega chembe yenyewe, na hakuna iliyokamatwa ikakubalika na wote.

Mradi wangu wa mwisho ni huu huu. Nachukua mikondo ya kasi kutoka data ya wazi, kila galaksi naijaribu kwa maada giza na kwa Milgrom. Msimamizi anataka hitimisho lichague upande. Mimi nataka kuchapa masalio yote, yaani tofauti kati ya kipimo na nadharia, galaksi moja moja, hata zile zinazonikatalia kote kuwili, na naona hapo tutavutana.

Integali

Mchapie masalio, mwishowe atakushukuru. Ila kabla hujamlaumu Newton wala kuita maada giza, kagua mwinamo wa kila galaksi. Kasi unayoipima ni ile ya kutujia na kututoka tu, kwa hiyo unaigawa kwa saini (sine) ya pembe ya mwinamo, na pembe hiyo ikikosewa kasi zote za galaksi hiyo zinahama kwa mpigo. Galaksi zinazotutazama karibu uso kwa uso ndizo mbaya zaidi. Mimi ningeziondoa zote zilizo chini ya digrii 30, na ningeandika kwenye ripoti kwamba nimeziondoa kabla ya kuona zinaangukia upande gani.

Kiwimbi

Digrii 30 tena. Nimeandika, asante dada.